Safu ya Nne Katika Daftari la Ajali

"Theopista! Theopista, usikimbie, nisikilize kwanza!"

Kalista alikuwa amebana uso wake katikati ya nondo za dirisha la maabara, macho mekundu, machozi yanamtiririka kama mfiwa. Nyuma yake, ndani ya stoo ya kemikali, rafu iliyoliwa na mchwa ilikuwa imeporomoka, na chupa kubwa ya amonia ilikuwa imepasukia sakafuni. Harufu ilikata pua kama wembe mpya.

Theopista, karani wa shule, alisimama nje amekumbatia faili.

"Da Kalista, toka basi! Unangoja nini humo?"

"Natokaje? Mlango una kufuli kwa nje."

"Nani kakufungia?"

"Ufunguo wa maabara anao nani hapa shuleni?"

Hata wa Kidato cha Kwanza walijua. Ufunguo ule ulining'inia shingoni kwa Mkuu wa Shule, Kassiani, kama rozari.

"Yuko wapi?" Kalista aliuliza, akakohoa mpaka akainama.

"Ameenda parokiani. Mambo ya matangazo ya ndoa yenu. Si Jumapili ni tangazo la tatu?"

"Mfuate. Mwambie bibi harusi anakufa, aje na ufunguo wake."

Theopista aliangusha faili, akavua viatu, akatoka mbio peku.

Kalista alirudi kuangalia mlango wa stoo. Alikuwa ameshaufunga na kusokomeza koti lake la maabara, limelowa maji, kwenye mwanya wa chini. Akarudi dirishani kuvuta hewa. Hayo yote aliyajua; ndiyo aliyokuwa akiwafundisha wanafunzi. Alikuja Mpanda mwezi wa pili mwaka ule wa 1996, kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, kufanya utafiti wa shahada yake ya pili: mihogo michungu ya kijiji cha Mamba, wanawake wanailoweka siku ngapi ndipo sumu inaisha? Shule ilimpa maabara. Yeye akalipa kwa kufundisha kemia Kidato cha Tatu na kuisafisha ile stoo ambayo hakuna mwalimu aliyethubutu kuigusa.

Juu ya meza, vichupa arobaini na nane vya unga wa muhogo vilikuwa vimepangwa, kila kimoja na lebo yake. Jasho la miezi saba. Na kwenye msumari kando ya mlango ilining'inia pete yake ya uchumba. Aliivua kila asubuhi, maana kemikali hujificha chini ya pete na kuunguza kidole.

Ila namna ya kutoka mahali ambapo aliyekufungia ndiye anayekupenda, hilo hakuna aliyemfundisha.

Kufuli lilianza mwezi wa tano, wezi walipobeba mizani. "Nakufungia kwa usalama wako, mama," Kassiani alimwambia. "Ukimaliza gonga dirisha." Kalista alicheka. Alijiona anapendwa. Kisha ikawa safari za Mamba: "Barabara mbaya, nitaenda mimi." Na kweli alikwenda kwa baiskeli, akarudi na gunia la mihogo na vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Utamlaumuje mwanamume wa hivyo? Kisha ikawa barua: "Sanduku la posta ni la shule, nitakuchukulia." Barua zikapungua, zikaisha. Kalista akadhani chuo kimemsahau.

Vishindo vikasikika. Kassiani alifika anahema, shati limemganda mgongoni, akakosa tundu la kufuli mara mbili kwa haraka. Mlango ulipofunguka alimkumba Kalista, akamtoa barazani.

"Kalista! Kalista wangu! Lete maji, Theopista!"

Alimnawisha macho mwenyewe, kopo baada ya kopo, mikono yake ikiwa laini kama ya mama.

"Nisamehe. Nilijua narudi sasa hivi."

"Mapafu hayajui sasa hivi, Kassiani."

"Nilikuwa nakulinda na wezi."

"Mwizi angenikuta nina njia ya kukimbilia."

Kalista akajifuta uso na upindo wa gauni.

"Lete daftari la ajali."

"Sasa hivi? Hebu pumzika kwanza, mama."

"Lete."

Daftari lile alilianzisha Kalista. Lilikuwa na safu nne: Kilichotokea. Chanzo. Madhara. Hatua ya kuzuia kisitokee tena. Na sheria moja aliyoitangaza paredi, shule nzima ikisikia: anayeandika ukweli haadhibiwi. Kassiani aliipinga sana. Msichana aitwaye Nyanzala alipovunja kipimajoto na kuandika, Mkuu alikuwa ameshashika fimbo. Kalista alisimama katikati yao. "Ukimchapa huyu, kesho mwingine ataunguzwa na asidi na ataficha mkono mfukoni." Fimbo ikashuka. Tangu siku ile wanafunzi waliandika kila kitu, hata birika lililochemka likamwagika.

Kassiani akaandika haraka haraka: chupa imevunjika, chanzo mchwa, madhara macho, hatua kutengeneza rafu mpya.

"Na mlango?" Kalista aliuliza.

"Mlango unaingiaje hapa?"

"Mlango ndio ajali yenyewe. Chupa ni chupa tu."

"Kalista, daftari hili linasomwa na kila mtu! Habari ikimfikia baba yako kule Karema, katekista mzima, atanionaje?" Akapunguza sauti. "Niache niandike vizuri nikitulia. Nitaandika yote. Naapa."

Akaondoka na daftari kwapani. Theopista alimsindikiza kwa macho hadi alipopotea nyuma ya darasa, ndipo akamvuta Kalista mkono.

"Dadangu, mimi nikifukuzwa kazi na nifukuzwe. Nimekuona kwenye zile nondo, moyo umenishuka. Kuna kitu chako."

"Kitu gani?"

"Mkuu aliniambia barua zako zote zipite kwake. Hii aliisahau chini ya mafaili."

Ilikuwa telegramu, imekunjwa mara nne. Kalista akasoma:

"LETE SAMPULI KABLA YA JUMANNE TAREHE 10. NAFASI YAKO ITAFUNGWA. JIBU HARAKA. MALALE."

Dakta Malale alikuwa msimamizi wake chuoni.

"Imefika lini?"

"Wiki mbili sasa."

"Theopista, leo tarehe sita! Ijumaa!"

"Najua. Treni ya Tabora inaondoka saa tisa. Ikikuacha, nyingine Jumatatu."

Kalista alikuwa ameshashuka ngazi za baraza.

Kwenye posta ya mtaa wa Kashaulili, karani Yotham alimpokea kwa meno yote nje.

"Bibi harusi! Unawaalika wa Dar?"

"Nipigie namba hii, kaka Yotham. Haraka."

"Mapenzi ya haraka hayo!"

"Yotham."

Yotham alimtazama macho yale mekundu, utani ukamkauka. Laini ilikwaruza robo saa nzima, kisha sauti ikaja kwa mbali.

"Haloo?"

"Shikamoo, Dakta. Ni Kalista, niko Mpanda."

Laini ikakwaruza, Kalista akadhani imekatika.

"Marahaba. Sikutegemea kukusikia tena. Si ulitukataza tusikuandikie?"

"Mimi?"

"Telegramu yako ninayo kwenye faili. Nikusomee?"

"Nisomee."

"'NIMEACHA MASOMO. NAOLEWA. MSINIANDIKIE TENA. KALISTA.'"

Kalista aliegemea ukuta. Jina lake mwenyewe lilimwingia sikioni kama la mtu mwingine aliyekufa zamani.

"Sikuandika mimi, Dakta."

"Nani basi?"

"Mtu anayenipenda."

Dakta Malale alishusha pumzi ndefu. "Kamati inakaa Jumanne asubuhi. Jina lako nimelikata, lakini kwa penseli. Ukifika na sampuli nitafuta ule mstari. Usipofika, mwanangu, sina la kuwaambia."

"Nitafika."

Alirudi shuleni saa saba na nusu, kanga imemlowa jasho. Mlango wa maabara ulikuwa wazi, amonia imepungua lakini bado inawasha koo. Kassiani alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Kalista, mkono mmoja juu ya vichupa arobaini na nane, mwingine juu ya daftari la ajali. Nje ya madirisha Kidato cha Tatu walikuwa wamejipanga, wanajifanya wanafyeka majani.

"Umetoka posta," alisema.

"Nimetoka posta."

"Basi unajua. Kaa, nikusomee."

"Sikai. Treni saa tisa. Toa mkono wako kwenye sampuli zangu."

"Nisikilize kwanza. Niliapa nitaandika yote, na nimeandika."

Akafungua daftari, akasoma, sauti inamtoka kwa kukwama:

"Kilichotokea: nimemfungia Kalista ndani mara thelathini na moja. Nimefungua barua zake. Nimetuma telegramu kwa jina lake. Chanzo: nilisoma barua moja, nikaona wanataka aendelee miaka mitatu mingine hukohuko Dar. Niliogopa. Madhara: alilia kwamba chuo kimemsahau, na mimi ndiye niliyemfuta machozi."

Huko nje mafyekeo yalinyamaza.

"Mara thelathini na moja," Kalista alisema polepole. "Ulikuwa unahesabu."

"Kila mara iliniuma."

"Ikakuuma, ukafunga."

"Kalista, ni ukweli mtupu huo. Na wewe ulituambia paredi, shule nzima: anayeandika ukweli haadhibiwi. Au sheria yako ni ya watoto tu?"

Kalista alitazama dirishani. Nyanzala alikuwa ameshika nondo zilezile alizozishika yeye asubuhi, anamkodolea mwalimu wake macho, anangoja. Akimwadhibu Kassiani, sheria imekufa, na kesho mtoto ataficha mkono ulioungua mfukoni. Asipomwadhibu, Jumapili tangazo la tatu litasomwa, na hakuna atakayelipinga. Lile kufuli la mlangoni lilikuwa mchezo. Hili lilifungwa kwa maneno yake mwenyewe.

Kassiani aliona. Akasogea, sauti imelainika.

"Baba yako ameshapokea posa. Mama yangu ameshashona sare. Utawaambia nini? Kwamba mwanamume amekupenda kupita kiasi?"

"Unanipenda?"

"Hilo sijawahi kulidanganya hata siku moja."

"Najua." Machozi yalimtoka tena, safari hii si ya amonia. "Na mimi nilikupenda. Siku uliyorudi kutoka Mamba na lile gunia, hata macho hayaonekani kwa vumbi, nilijisemea, huyu ndiye, sitafuti mwingine."

"Basi sema umenisamehe."

"Nimekusamehe, Kassiani."

Kassiani akafumba macho, mabega yakamshuka. Kule dirishani kuna aliyepiga kofi moja, akanyamazishwa.

"Lakini safu ya nne haina kitu," Kalista alisema.

"Nimekuachia wewe, mwalimu. Andika yaishe."

Kalista alichukua kalamu. Aliandika wima, bila kukaa. Kisha akamgeuzia daftari.

"Soma. Kwa sauti, wanafunzi wasikie."

Kassiani akaanza kwa tabasamu. "Hatua ya kuzuia kisitokee tena: ufunguo wa maabara ukae kwa karani. Mtu akiwa ndani, mlango usifungwe kwa nje na yeyote. Barua apewe mwenye barua..." Tabasamu likakatika. Midomo ikaendelea kucheza bila sauti.

"Malizia."

"Kalista..."

"Malizia, Mkuu."

"...Kalista Celestin asiolewe na Kassiani."

Akalibwaga daftari mezani.

"Hii ni adhabu!" Kassiani aliruka. "Umesema hakuna adhabu!"

"Adhabu ingekuwa polisi, kwa ile telegramu. Sitakwenda. Adhabu ingekuwa kukutangaza Karema yote. Sitakutangaza, nitamwambia baba yangu peke yake. Hapo nimezuia tu. Ndiyo kazi ya safu ya nne, hata Nyanzala anajua."

Kassiani aliivua kamba ya ufunguo shingoni taratibu. Theopista alikuwa ameshasimama mlangoni, kiganja wazi, anaogopa, lakini kiganja hakikurudi nyuma. Ufunguo ukadondokea humo.

Kalista alipanga vichupa kwenye kasha la mbao, akavitenganisha kwa magazeti. Wavulana wawili wakalibeba. Nyanzala akachukua madaftari ya utafiti, akayakumbatia kama mtoto mchanga. Ilikuwa saa nane na robo. Stesheni si mbali kwa mwenye haraka.

"Na pete?" Kassiani aliuliza kwa nyuma.

"Ipo kwenye msumari. Niliivua asubuhi kwa ajili ya kazi."

Hakugeuka kuitazama. Kassiani alibaki amesimama katikati ya maabara, peke yake, meza tupu, mikono haijui ikae wapi.

"Nifunge mlango?" aliuliza, sauti ndogo.

Kalista alisimama kidogo kwenye ngazi za baraza.

"Uache wazi," alisema. "Harufu bado haijaisha."