Pua ya Gari la Marehemu Badru

Jua lilikuwa linazama Nyamisati, na watu wenye akili zao walikuwa wanatia udhu. Mudathiri yeye alikuwa anakwenda kutafuta pua.

Ndivyo fundi Mshamu alivyoiita sensa ya oksijeni: pua ya gari. Inakaa kwenye bomba la ekzosi, inanusa moshi, inaiambia injini ipunguze mafuta au iongeze. Ya gari la Mudathiri ilikuwa imekufa. Gari likawa linatema moshi mweusi, na likiona kilima linakata pumzi. Alishatafuta Kibiti, akatafuta Ikwiriri, maduka yana sensa za magari mapya tu. La kwake lina injini ya EFI ya zamani, sensa yake ina waya mmoja. Iliyoletwa kutoka Dar ilikuwa na nyaya nne. Mshamu aliigeuzageuza kama samaki aliyevunda, akairudisha kwenye boksi.

Na mimba haingoji spea. Binti yake, Warda, alikuwa na uzazi wa kwanza, mtoto kakaa vibaya, na daktari alishasema huyu hazalii nyumbani. Uchungu ukianza tu, aletwe Kibiti apasuliwe.

Gari jingine la aina ile lilikuwa moja tu, uani kwa marehemu Badru, dereva mwenzake. Badru aliugua ghafla, akapakiwa kwenye gari lake mwenyewe akimbizwe hospitali, akakata roho kwenye kilima cha mikorosho, njia ya Kibiti. Waliompeleka wakageuza pale pale, wakamrudisha nyumbani.

"Shemeji," mjane wake, Mwantum, alisema kwa sauti ya chini nyuma ya pazia, "mie nimo edani. Vitu vya marehemu havijasomewa dua wala kugawiwa. Ngoja nitoke, nitakupa kwa mkono wangu."

Hilo hata mtoto analijua. Mudathiri alilijua pia. Lakini tangu amzike mkewe Ashura, mwaka jana, alikuwa mtu wa ganzi. Wali hauna ladha. Samaki hanuki. Watu wakilia, yeye anatazama.

"Maiti ana haja gani na pua?" akajibu, akaingia uvunguni na spana.

Akatoka na pua mkononi, na Mshamu akaifunga usiku ule ule.

Kesho yake jioni uchungu ukamshika Warda. Akalazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa jirani yao Bi Sikudhani, mkunga wa miaka mingi. Gari liliwaka mara moja na kuvuta kama jipya. Tena Mudathiri alisikia harufu. Yeye, ambaye mwaka mzima hakunusa hata chai!

Karafuu maiti.

Ile wanayopakwa wafu kabla ya sanda.

"Bi Sikudhani, unasikia harufu?"

"Harufu ya nini? Endesha, baba!"

Kwenye kilima cha mikorosho, gari likazimika.

Akapiga ufunguo... kimya. Akaliachia liserereke nyuma, akakata usukani alitoe barabarani. Lilipoelekea Nyamisati, likawaka lenyewe. Hakuligusa. Akaligeuza kuelekea Kibiti. Likazima. Akaligeuza Nyamisati. Likanguruma.

"Baba..." Warda alinong'ona. "Usinirudishe."

Mtu mwingine angeruka akimbie. Mudathiri hakuogopa, na mimi hilo ndilo linalonitisha. Aliliacha gari likitazama Nyamisati, akatia rivasi, akaanza kwenda Kibiti kinyumenyume.

Ukienda kinyumenyume, lazima ugeuze shingo.

Akageuka. Bi Sikudhani yupo, anasoma dua. Warda yupo, kafumba macho. Na hapo miguuni pa Warda, amejikunyata...

Mtu mwenye pamba puani.

"Mbona hunirudishi?" akanong'ona.

"Mwanangu kwanza," Mudathiri akajibu, kama anayejibu abiria.

Yule mtu akachomoa pamba. Moja. Kisha ya pili. Akainama juu ya tumbo la Warda, akalinusa. Taratibu... kama mtu anayenusa chakula kabla ya kukaribishwa.

Mudathiri hakusimama mpaka lango la hospitali.

Warda alipasuliwa, akapona, na mtoto wa kiume akalia vizuri. Mshamu aliifungua ile sensa, akairudisha kwa Mwantum na dua ikasomwa. Mwantum akasema amesamehe. Kuhusu yule wa kwenye gari, hakuna aliyeuliza, kwani siku zile Mudathiri hakumwambia mtu.

Alipokwenda wodini, wanawake walikuwa wanapokezana mtoto. "Kitoto kinanukia maziwa!" Bi Sikudhani akacheka. "Hebu mnuse mjukuu wako."

Mudathiri akampokea. Kwa mwaka mzima hakuwa ametamani kitu, lakini hiki alikitamani. Akaweka pua kwenye utosi laini, akavuta pumzi ndefu.

Karafuu maiti.

Akamrudisha mtoto mikononi mwa Bi Sikudhani, na kwa mara ya kwanza tangu Ashura afe, akaogopa.