Rangi ya Kucha kwenye Nati

Maiti ya Teryo Magsalay ilikutwa korongoni, imelaliwa na magunia ya mbata. Pikipiki yake ilikuwa imekwama juu kwenye mteremko, gurudumu la mbele limeganda, halizunguki mbele wala nyuma.

"Breki?" aliuliza Inspekta Perlita Daguman.

"Breki nzima, Afande," alijibu Konstebo Undo. "Beringi ndizo zimesagika. Na ni mpya. Mzee Sabas kazibadilisha juzi tu."

Loo, neno hilo lilifika kijijini kabla ya maiti! Ndugu wa marehemu waliizingira gereji ya Sabas na mapanga yao ya kufulia nazi, na Perlita akamtia mzee pingu ili kumwokoa. Wakamfuata mpaka nje ya kituo. Walitaka wapewe fundi wao, wamalizane naye wenyewe.

"Mzee, ulikuwa umelewa?"

"Tuba ya mnazi nakunywa Jumapili tu, mwanangu."

"Usiniite mwanangu humu ndani."

"Haya, Afande." Alichungulia dirishani. "Wataniua wale?"

Perlita aliufunga mlango wa mahabusu. Alikuwa amekwisha kuona wazee wengi wenye sura ya upole waliofanya makubwa.

Gurudumu walilipiga picha, kisha wakalifungua uani pa kituo. Spana peke yake haikufua dafu. Ilibidi wachomeke bomba kwenye mpini, wote wawili waning'inie, ndipo nati ya ekseli ikalia na kuachia.

"Mtu anakazaje hivi?" Undo alihema. "Alikuwa anafunga gurudumu au anafunga jela?"

Perlita alizigonga beringi zikatoka vipande vipande. Akachungulia ndani. Kati ya beringi mbili hukaa kibomba kifupi cha chuma, kazi yake kuzitenganisha, ili nati ikikazwa zisibanane. Hakikuwamo. Basi kila nati ilivyokazwa, beringi zilikuwa zinakamuliwa.

Alirudi mahabusu na uso umemkunjamana. "Kibomba umekisahau."

"Sijakisahau! Kaangalie alama yangu."

"Alama gani?"

Mzee aliona haya. "Rangi ya kucha ya mke wangu. Nikishakaza nati, nachora mstari, nusu kwenye nati, nusu kwenye ekseli. Madereva wananicheka, wanauliza lini nitapaka na midomo. Lakini nati yangu ikiguswa, najua."

Perlita aliikuza picha waliyopiga kabla ya kuifungua nati. Mstari ulikuwapo, wa waridi, una vimetameta kama vya mavazi ya harusi. Lakini hata pichani nusu mbili hazikukutana tena, na kwenye pembe za nati rangi ilikwanguka. Mtu alikuwa ameifungua baada ya Sabas kuikaza. Au Sabas mwenyewe alirudi? Hilo nalo hakulitupa. Ila rangi iliyokwanguka lazima imebaki ndani ya spana ya mtu.

Spana za Sabas alizikagua zote. Safi.

Pikipiki za madereva wote zilikuwa zikilala bandani kwa Mogi Balili, kumpare wa Teryo, aliyemshikia mtoto wake wa kwanza kwenye ubatizo. Mogi alikuwa msibani, akigawa kahawa na biskuti kwa wacheza karata. Alilia kuliko mjane. Juu ya kioo cha jeneza kifaranga kilidonoa mchele. Ising, mjane, ndiye aliyekiweka. Aliyeuawa huwekewa kifaranga, kimdonoe muuaji rohoni mpaka ajitokeze.

Perlita alikaa, akatazama. Mogi alimwagia kila mtu kahawa, lakini kila alipotaka kupita karibu na jeneza, alizunguka kwa jikoni. Ajabu! Mwanamume mzima anamkwepa kuku?

"Mogi, pikipiki ya Teryo umeigusa lini mara ya mwisho?"

"Mimi? Sijaigusa, Afande. Fundi wake ni Sabas."

"Hata spana yako?"

"Hata spana."

"Undo, lete."

Undo alileta spana yenye kichwa cha duara, aliyoitoa chini ya kiti cha pikipiki ya Mogi. Perlita aliielekeza dirishani.

"Hii nini humu ndani?"

"Kutu."

"Kutu ya waridi? Inayometameta?"

Karata zilitulia. Mogi alitazama spana, akatazama kile kifaranga, birika likamtoka mkononi.

"Sikutaka afe," alisema. "Naapa! Nilitaka ikwame pale pale kwenye tambarare, ashindwe sikukuu, basi."

"Kwa nini?"

"Kila mwaka yeye! Kila mwaka sanamu ya Santo Niño, Mtoto Yesu, inashuka mlimani kwa pikipiki ya Teryo, watu wanamrushia maua yeye, na mimi nyuma nabeba viti vya kanisa. Mwaka jana nilimwomba niibebe mimi, mara moja tu. Akacheka mbele za watu."

"Kibomba?"

"Nilikitupa mtoni. Kisha nikaikaza kwa bomba, asiweze kuifungua njiani. Nilidhani itagoma mapema. Matope yale... atakuwa amedhani ni tope tu linalobana."

Ising alikuwa amesimama nyuma yake. Hakupiga kelele.

"Alicheka kwa sababu pikipiki yako mbovu, Mogi. Alisema utamwangusha Mtakatifu. Beringi zile mpya ulidhani za nani? Mwaka huu alikuwa akuazime yake. Goti lilikuwa linamuuma. Alinikataza nisikwambie, alitaka akushtukize asubuhi ya sikukuu."

Mogi aliketi chini sakafuni, kwenye kahawa iliyomwagika, akawa anatikisa kichwa kama mtu anayekataa chakula. Undo alimfunga pingu akiwa hapo hapo.

"Nenda kamfungulie mzee Sabas," Perlita alimwambia. "Na waambie wale wenye mapanga wamwombe radhi kwanza."

Ising alinyoosha mikono, akakitoa kifaranga juu ya jeneza, akakirudisha uani kwa kuku mama yake.