Glavu ya Kushoto

Yalianza Jumatano, tarehe nane Novemba, saa nane na dakika ishirini mchana. Naitaja saa kwa sababu video ninayo, na video huandika saa yake yenyewe.

Ilikuwa Siku ya Mivukuto, siku ambayo wahunzi na watu wote wa chuma huzipumzisha mashine zao. Mtaa wetu wa Takaida, ambao siku nyingine huvuma kama mzinga wa nyuki, ulikuwa kimya. Baba alikuwa amezifuta mashine zake tatu na kuweka chenza la sadaka juu ya kila moja.

Karakana yake ingefungwa mwisho wa mwaka. Mkono wa kulia wa Baba ulikuwa umeanza kutetemeka. Mimi ni binti yake wa pekee. Nilisomea filamu chuo kikuu, na chuma sijui kukikereza hata kidogo. Nilichotaka ni kuipiga video mikono yake ikiwa kazini, kwa karibu, kabla haijachoka kabisa. Nilitaka mikono ile ibaki.

"Dakika tano tu, Baba."

"Leo mashine zimelala, Mizu."

"Siku nyingine una kazi za watu."

Akacheka kwa pua. Akaondoa chenza juu ya mashine ya kukereza aliyoirithi kwa babu, akaliweka dirishani.

Nilikuwa na vifaa vyangu vya kamera: kibano cha kushikia taa, mkono wa chuma wenye viungo vitatu, bega, kiwiko na kifundo, na mwishoni kishikio cha simu. Nilikibana kibano upande wa kulia wa mashine, nikakunja mkono, nikafunga simu. Baba alipowasha mashine kuijaribu, kibano kikateleza kwenye rangi. Nikakaza. Kikateleza tena.

Nilihitaji kitambaa cha kuweka kati ya chuma na chuma. Katika droo ya chini kabisa nikakuta kopo la biskuti lenye kutu, na ndani yake glavu moja ya pamba, ya kushoto, imegeuka rangi ya chai. Nikaikata vipande viwili kwa mkasi, nikaweka kimoja kila upande wa kibano.

Kikashika kama kimechomelewa.

Mzee Obata, aliyemfanyia babu kazi kisha Baba, akaingia na pakiti ya keki za maharage.

"Mizu, unampiga baba yako picha ya msiba?"

"Wewe ndiye wa mbele kwenye foleni, Obata," Baba akamjibu. "Jipange vizuri."

"Mimi picha yangu niliipiga nikiwa na nywele. Na leo unawasha mashine? Huogopi?"

"Mtoto kaomba."

Mzee akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafungua keki. Baba akawasha. Kichwa cha mashine kikazunguka, taya zake tatu zinazobana chuma zikawa duara moja la kijivu. Mimi nilisimama nyuma ya Baba, nikitazama kioo cha simu juu ya bega lake. Nyuzi za chuma zilijikunja na kudondoka. Mikono yake ilikuwa mizuri. Haikutetemeka hata kidogo.

Dakika ya tatu, picha ikaanza kushuka.

Mkono wa kamera ulikuwa unajikunja kwenye kiwiko. Nikauinua, nikakaza skrubu mpaka kidole kikauma. Nikarudi nyuma. Ukashuka tena, polepole, kuelekea zile taya.

"Mizu," Baba akasema bila kugeuka. "Niondolee mkono wako."

"Mkono gani?"

"Ulionishika."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye mifuko ya aproni.

"Baba, mimi sijakushika."

Nikaona mkono wake wa kulia ukisogea. Haukutetemeka. Ulisogea taratibu, kushoto, kuelekea kichwa kinachozunguka. Misuli ya shingo yake ilikuwa imesimama. Alikuwa anavuta kurudi nyuma. Anavuta kwa nguvu zake zote.

"Breki," akanong'ona. "Mizu. Breki."

Nikakanyaga breki ya mguu. Mashine ikalia, ikasimama. Kati ya kidole chake cha shahada na taya kulikuwa na nafasi ya punje moja ya mchele.

Mzee Obata alikuwa amesimama. Hakumtazama Baba. Alitazama kibano.

"Hicho kitambaa umekitoa wapi?"

Nikamwambia.

Akakaa tena kwenye ndoo, na sauti yake ikashuka. Mwaka 1987, mwezi wa Januari, kabla Baba hajaanza kazi hapa, alikuwepo mkereza aliyeitwa Sugimori. Baridi ilikuwa kali, naye akavaa glavu. Hapa kwetu hata mtoto anajua kwamba mkono unaokaribia mashine ya kukereza lazima uwe mtupu, maana uzi mmoja ukinaswa, mwili mzima huufuata. Glavu ya kulia ilinaswa. Sugimori alikufa kabla gari la wagonjwa halijafika. Ya kushoto babu aliiweka kwenye kopo, ili watu wasisahau.

"Na ya kulia?" nikauliza.

"Tuliifungua mashine mara mbili, skrubu kwa skrubu. Hatukuiona." Akanyoosha kidole kwenye mkono wa kamera. "Umeuvisha mkono glavu, binti. Kwenye mashine ile ile. Siku ya mapumziko."

Tulitazama video pale pale, watatu. Dakika ya tatu na sekunde kumi na moja, kutoka chini ya picha, mahali kibano kilipofungwa, unaingia mkono mmoja zaidi. Ni wa kulia. Umevaa glavu nyeupe. Unamshika Baba kifundo cha mkono kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika.

"Ishone," Mzee Obata akaninong'oneza. "Uirudishe kama ulivyoikuta."

Nilichomoa vile vipande viwili na simu yangu. Mengine yote tuliyaacha pale pale, tukafunga mlango. Nyumbani Baba hakula. Kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na alama nyekundu, vimistari vidogo vilivyosokotana, kama nyuzi zilizofumwa za sweta. Nikaishona glavu kwa uzi wa bluu, kwa sababu ndio niliokuwa nao. Nilihesabu mishono, kama ninavyohesabu kila kitu nikiwa na hofu. Ilikuwa arobaini na mmoja.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu, nilimwacha Baba amelala nikaenda karakana peke yangu kuirudisha glavu kwenye kopo. Kufuli lilikuwa zima. Chenza lilikuwa dirishani.

Mkono wa kamera ulikuwa umenyooka, umeelekea mlangoni. Kishikio cha simu kilikuwa kimebana kitu.

Glavu ya kulia. Nyeupe. Imelowa mafuta, yenye uvuguvugu.

Katikati ya kiganja ilikuwa imekatwa na kushonwa. Uzi wa bluu. Nilihesabu nikiwa nimesimama, mara mbili. Mishono arobaini na mmoja.

Nikaibonyeza kidole kimoja kimoja. Ilikuwa tupu. Kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimeshatoka.

Nikampigia Baba. Simu iliita mara tisa.

"Mizu? Uko wapi alfajiri hii?"

"Baba, weka mikono yako juu ya shuka. Hesabu vidole. Kwa sauti."

"Umeingiwa na wazimu?"

"Nakuomba."

Akacheka kwa pua, akaanza kuhesabu taratibu, kama alivyokuwa akinihesabia nilipokuwa mdogo. Moja. Mbili. Nikasikia shuka ikivutwa. Nane. Tisa. Kumi.

Nikashusha pumzi.

Baba hakunyamaza. Alinong'ona tu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala kando yake.

"Kumi na moja."