Majina Kuzunguka Sinia

Kila alipotoka shuleni, Shufaa alipasha maji ya chumvi, akateremka nayo hadi kambi ya kununulia kambamiti, huko Mbwera. Mama yake, Mwanabibi, alichovya mikono humo, akauma meno, kisha akarudi kazini.

Ilikuwa mwaka 1996. Wanunuzi binafsi walikuwa wamefungua kambi katika delta, na katika kambi hii wanawake thelathini na wawili walikata vichwa vya kambamiti kutwa nzima, mikono ndani ya barafu, bila glavu. Miiba iliwachoma, vidonda vikaoza. Kidole kimoja cha Mwanabibi kilikuwa hakikunjiki tena.

Kiongozi wao alikuwa shangazi yake Shufaa, Mwantumu. Hakupigiwa kura, alikuwa tu mtu ambaye akisema, wenzake husikiliza. Marehemu baba yake alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam enzi za Mwingereza, akawaongoza makuli wenziwe kudai haki zao. Kwake alijifunza jambo moja. Walipoafikiana kumwandikia meneja barua ya kuomba glavu na dawa, Mwantumu aliweka sahani juu ya karatasi, akachora duara, na majina yote yakaandikwa kulizunguka.

"Tunakula sinia moja," alisema. "Kwenye sinia kuna wa kwanza?"

"Hakuna!"

"Basi na hapa asionekane. Wakimjua wa kwanza, watamng'oa."

Bahati mbaya barua ililowa maji ya kambamiti. Shufaa, hodari wa mwandiko darasa la sita, akapewa ainakili. Alipofika nyumbani, lile duara aliliona mchezo wa kitoto. Mwalimu aliwafundisha kupanga majina kwa namba! Akayapanga vizuri, na kwa heshima akamweka shangazi yake namba moja. Akaifunga bahasha, akampa Rukaiya, binti mdogo kuliko wote kambini, aifikishe ofisini.

Kesho yake Mwantumu aliitwa peke yake.

"Wewe ndiye kinara wa fitina," meneja alisema. "Kazi huna."

Habari ilienea kambini mara moja. Nani kamtaja? Macho yote yakamgeukia Rukaiya, kwa kuwa ndiye aliyeingia ofisini. Alilia, akaapa kwa Mwenyezi Mungu, wasimsikie. Mchana, walipokula nje ya uzio, hakuna aliyemsogelea. Alikula wali wake kwenye kibakuli, mgongo kauelekeza kwao.

Shufaa aliyaona hayo siku tatu mfululizo. Alijua kosa ni lake, lakini aibu ilimziba kinywa. Siku ya nne Mwantumu alikuja kukaa na wenzake wakati wa chakula. Shufaa akaweka chini ndoo ya maji ya chumvi, akasimama mbele ya sinia.

"Rukaiya hana kosa. Duara nililiacha mimi. Niliandika namba, na shangazi nikamweka wa kwanza."

Mikono yote ilisimama siniani. Mwanabibi akainamisha uso.

"Kalete daftari na kalamu," Mwantumu alisema taratibu.

Siku hiyohiyo Shufaa aliiandika barua upya, sahani ikiwa juu ya karatasi. Boti ya kuchukua mzigo ilipofika, wanawake walikaa mikono mapajani. Kambamiti walikuwa bado na vichwa, na barafu ilikuwa inayeyuka.

"Nani kiongozi wenu?" meneja alifoka.

Mwanabibi alimkabidhi karatasi. Meneja aliigeuza huku, akaigeuza kule, asione pa kuanzia. Nahodha wa boti akamhimiza kwa honi. Meneja akashusha pumzi.

"Glavu na dawa zitakuja na boti ijayo. Mwantumu arudi kazini."

Zilikuja kweli. Mchana ule wanawake walimwomba Rukaiya radhi, wakampisha katikati yao. Shufaa alisimama mbali, haya zimemjaa.

"Njoo, mwanangu," Mwantumu alimwita. "Umesema kweli mbele ya watu wazima, na kweli hiyo imetuokoa. Kosa la kalamu tumelifuta. Lakini siku tatu ulizonyamaza, mwenzio alikula peke yake. Hizo hazifutiki. Ukikosea, sema siku ileile."

Rukaiya alisogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Shufaa akanawa mikono, akakaa hapo, akasema Bismillahi.