Kamera Iliyomkataa Shaweji

Kaeni. Aliyesimama akae. Mwenye karanga mdomoni ameze kwanza.

Palikuwa na mtoto, jina lake Somoe. Miaka sita, mapengo mawili, maneno mengi.

Somoe alikuwa na mdogo wake, Shaweji. Shaweji alikuwa na siku arobaini. Maneno hana. Kazi yake kunyonya na kulala.

Kwao Lindi, mtoto akitimiza arobaini hutolewa nje. Hupelekwa studio, akapigwa picha. Somoe alipigwa yake. Baba yake alipigwa yake. Zote ziko ukutani, zimenuna.

Basi asubuhi hiyo wakatoka. Mama mbele. Shangazi Sharifa nyuma. Bibi katikati, na Shaweji mikononi. Somoe pembeni, anaruka madimbwi.

Shaweji alivikwa nyeupe tupu. Shuka jeupe. Kofia nyeupe. Na usoni kitambaa cheupe, chepesi, kinachopitisha pumzi.

"Bibi, mbona hana uso?" Somoe akauliza.

"Uso anao. Watu ndio wana macho," Bibi akasema. "Uso wa mtoto hauanikwi njiani kama dagaa."

"Na studio je?"

"Studio nitafunua, wakati wake ukifika. Sikuanza leo, mjukuu wangu. Nimetoa watoto kumi na mmoja mimi."

Somoe akanyamaza. Hakunyamaza sana, lakini alinyamaza.

Studio ilikuwa ya Mjomba Mfaume, kaka yake Mama. Mjomba alikuwa na kamera mpya. Imesimama kwa miguu mitatu. Ina jicho moja, kubwa kama kikombe.

Kamera hiyo haibonyezwi kwa kidole. Ina waya. Waya unakwenda kwenye kompyuta. Mjomba anabonyeza kompyuta, kamera inasikia, inapiga: kacha.

"Mimi siinuki hapa," Mjomba akasema. "Nakaa, naagiza tu, kama bwana harusi."

Shaweji akalazwa juu ya meza. Meza ina shuka jeupe. Nyuma yake ukuta mweupe. Bibi akachutama kando, kashika ncha ya kitambaa, anangoja.

Mjomba akabonyeza.

Kamera ikatoa jicho, ikarudisha jicho. Ngrii. Ngrii. Kisha kimya. Haikupiga.

"Makubwa haya," akasema Shangazi, mkono mdomoni.

"Madogo yana nafuu," akasema Mama, mkono kifuani.

Mjomba akatazama kioo cha kompyuta. Kioo cheupe pe, na alama nyekundu katikati.

"Waya," akasema. "Waya umelegea." Akauchomoa. Akauchomeka. Tk.

Akabonyeza. Ngrii. Ngrii. Kimya.

"Makubwa haya," akasema Shangazi.

"Madogo yana nafuu," akasema Mama.

"Basi ni betri," Mjomba akasema. "Betri imekwisha nguvu." Akatoa betri, akatia nyingine. Tk, tk.

Akabonyeza. Ngrii. Ngrii. Kimya.

"Makubwa haya," akasema Shangazi.

"Madogo yana nafuu," akasema Somoe, maana Mama alikuwa amechoka kusema.

Jasho likamtoka Mjomba. "Kompyuta inaumwa," akasema. "Huu weupe wa kioo si wa bure." Akaizima. Wakangoja. Akaiwasha. Tuu-lii, ikaamka.

Akabonyeza. Ngrii. Ngrii. Kimya.

Bibi bado amechutama kando, kashika ncha ya kitambaa, anangoja.

"Somoe, mjomba wangu," Mjomba akasema, "hebu simama pale tujaribu." Akamgeuzia kamera.

Ngrii. Kacha.

Wote wakaduwaa. Kwenye kioo alikuwapo Somoe, na mapengo yake yote mawili.

Mjomba akaigeuza kwa Shaweji. Ngrii. Ngrii. Kimya.

Akairudisha kwa Somoe. Ngrii. Kacha.

Kwa Shaweji. Ngrii. Ngrii. Kimya.

Studio nzima ikasimama. Hata nzi aliyekuwa anaruka akatua.

"Imemkataa," Shangazi akasema polepole. "Kamera imemkataa mtoto."

"Usiseme hivyo, wifi," Mama akasema.

"Sisemi mimi, inasema kamera. Tumpe na jina kabisa. Tumwite Kakataliwa, twende zetu."

Somoe akamgeukia Shaweji. Alijua mambo ya majina mtaani kwao.

Palikuwa na mzee mmoja. Alipokuwa mtoto alianguka dimbwini, mara moja tu. Wakamwita Chura. Sasa ana mvi, ana wajukuu, na bado anaitwa Mzee Chura.

Sasa Shaweji naye aitwe Kakataliwa mpaka aote mvi? Shaweji, ambaye hata jino hana?

Somoe hakukubali. Akaenda mpaka kwenye kompyuta, akaweka pua kwenye kioo.

"Mjomba," akasema, "Shaweji yuko wapi hapa?"

Mjomba akatafuta. Shuka jeupe. Kofia nyeupe. Kitambaa cheupe. Ukuta mweupe. Akatafuta tena.

"Simwoni," Mjomba akasema.

"Na kamera haimwoni," Somoe akasema. "Haijamkataa. Inamtafuta. Ngrii, huku. Ngrii, kule. Tukicheza kombolela, kama hujamwona mtu, unamtajaje?"

Mjomba akashika kichwa. "Kweli. Kamera hii isipopata kitu cha kukitazama vizuri, haipigi. Nilifundishwa hilo, nikalisahau." Akamgeukia Bibi. "Sasa mama, mbona hujafunua?"

Bibi akamtazama kama anavyotazamwa mbuzi aliyeingia jikoni.

"Nafunuaje? Kofi liko wapi?"

"Kofi gani, mama?"

"Kofi. Mpiga picha hupiga kofi kwanza, kiganja kwa kiganja, pa. Nami nafunua. Ndipo kamera ipige, nami nafunika. Watoto kumi na mmoja, makofi kumi na moja. Wewe umekaa hapo kama bwana harusi, hujapiga hata moja. Nikajua bado unawasha mitambo yako."

Shangazi akafungua mdomo. Akaufunga.

Mama akaketi chini, pale pale aliposimama.

Kumbe Bibi anangoja kofi. Mjomba anaingoja kamera. Kamera inaungoja uso. Na uso uko chini ya kitambaa, umejikalia zake.

"Watu wazima wanne," Somoe akasema, "na hakuna aliyeuliza."

Mama akamkata jicho anyamaze. Hakunyamaza.

"Mjomba, weka kidole tayari. Kofi napiga mimi."

Mjomba akaweka kidole. Bibi akakaza ncha ya kitambaa. Somoe akapanua mikono, huku na huku, mpaka makwapa yakauma.

Pa.

Kofi likatoka kubwa kuliko mikono yenyewe. Bibi akashtuka, akafunua. Mjomba akashtuka, akabonyeza. Shangazi akashtuka, akaruka mbele.

Ngrii. Kacha.

Kimya. Lakini sasa kimya cha namna nyingine.

Wakaenda kwenye kompyuta wote, wanasukumana kama kuku kwenye mtama.

Kwenye kioo alikuwapo Shaweji. Macho mawili, makubwa. Nyusi za wanja. Mdomo mduara, kama anayetaka kuuliza, "Ni nani huyo?"

Pembeni yake palikuwa na mkono wa Bibi, uko hewani na kitambaa. Na juu yake kichwa cha Shangazi Sharifa, mdomo wazi mpaka magego.

"Tupige nyingine," Shangazi akasema haraka. "Hiyo mimi sikukaa vizuri."

"Arobaini ni ya mtoto," Bibi akasema. "Na mtoto yumo. Macho yamo, masikio yamo, pua ya babu yake ndiyo hiyo. Yatosha." Akamfunika.

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Mama akacheka akiwa bado chini.

Somoe hakucheka. Alikuwa na jambo moja halijaisha. Akamvuta Shangazi ukingo wa kanga.

"Shangazi, huyu anaitwa nani?"

"Shaweji," Shangazi akasema, kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Shaweji. Nimesema Shaweji, mtoto we, una masikio ya mapambo?"

Somoe akaridhika. Akaenda mezani, akainua ncha ya kitambaa, kidogo tu, Bibi asione.

Shaweji akapiga mwayo. Mwayo mrefu, wa mtu aliyefanya kazi ngumu. Macho yakawa madogo. Yakawa madogo zaidi. Yakafumba.

Wale wengine bado wanabishana kuhusu magego ya Shangazi. Yeye hana habari nao. Fff, anapumua. Fff.

"Psss," Somoe akawaambia watu wazima. "Mwenye picha amelala."

Wakanyamaza wote, hata Shangazi.

Na hadithi nayo imesinzia. Msiisukume. Ipisheni kitandani, nanyi mlale kando yake.