Ruta ya Antena Nne

Jamani, watu husingizia majirani na mawifi. Huyu dada mkubwa alisingizia modemu, akadhani yamekwisha.

Mchana mmoja, baada ya msiba wa Mama, alikuwa dukani, fundi akimwonyesha ruta mbili, mitambo ya kusambaza intaneti nyumbani. "Ya antena mbili inatosha, lakini hii ya antena nne inapenya kuta. Haina longolongo, dada."

Akachukua ya antena nne. Modemu yake ilikuwa kigeugeu kweli, mawingu yakitanda tu imekata. Ndugu zake wote waliijua tabia hiyo, ndiyo maana walimwamini msibani aliposema modemu ndiyo iliyomkatia Mama simu ya mwisho.

Uongo mtupu! Siku ile modemu ilikuwa nzima. Mama, ambaye dada alikuwa amemwondoa kwake mwezi mmoja kabla, alipiga mara sita kwa intaneti. Anaumwa, yuko peke yake, anaomba mtu aje. Dada alichoshwa na malalamiko, akachomoa waya. Asubuhi Mama hakuamka. Walimzika na simu yake, maana vidole vilikataa kuiachia.

Fundi alikuja akaifunga ruta sebuleni. "Nimeweka jina na neno la siri la zamani. Simu iliyowahi kuingia humu itaingia yenyewe. Vistari vinne vya mawimbi maana yake simu iko chumba hiki." Akaenda zake.

Dada akafungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye ruta. Simu yake. Kompyuta yake. Halafu Simu ya Mama, kistari kimoja.

Akabonyeza Zuia. Ikatoka.

Ikarudi. Vistari viwili.

Akazuia tena. Vitatu.

Akaifuata ruta auchomoe waya. Mkono uligoma. Vinne.

"Mama," alinong'ona, "nisamehe."

Kisha simu ya dada ikalia. Ujumbe kwenye kundi la familia, kutoka namba ya Mama: *Modemu haikuwa na kosa.*

Ndugu zake wakausoma mmoja baada ya mwingine. Baadaye mdogo wao wa mwisho akapiga.

"Dada," sauti ilikuwa chini kabisa, "ulimkatia wewe?"

Alitaka kukana. Upande wa pili simu ikakatwa, na safari hii mtandao ulikuwa mzuri.

Ujumbe ule ameufuta mara nyingi, na kila akifuta anaukuta tena mahali pake. Ndugu zake hawajakanyaga kwake tangu siku hiyo.