Alilitamka Sawasawa

"Machungwa yameiva. Yanachumwa saa saba."

Sauti ya mkuu wake huko London ilimwingia Wilf Tapscott kupitia kile kifaa cha sikioni wanachovaa wazee wasiosikia vizuri. Kwenye baa ile ya mji wa Jávea, pwani ya Hispania, iliyojaa wastaafu wa Kiingereza na sahani zao za soseji na maharagwe, hakuna aliyekitazama mara mbili.

Casio ya mkononi mwake ilisema saa sita na dakika ishirini mchana.

Machungwa yalikuwa orodha ya watoa habari wa siri kumi na wawili. Iliibwa London, na leo ilikuwa inapelekwa kwa boti kwa wanunuzi waliokuwa wakisubiri baharini. Jina la kwanza humo lilikuwa la Remei Bisquert, karani wa ofisi ya bandari. Orodha ikifika, Remei hamalizi wiki.

Boti tatu za Waingereza zilikuwa zinaondoka saa saba. Polisi wa bandari wangewahi kupekua moja tu.

"Ni Penhallow," Wilf alinong'ona.

"Ushahidi?"

Hakuwa nao. Alikuwa na wivu.

Tusifichane. Giles Penhallow, mwenye mojawapo ya boti hizo, alikuwa ameketi dirishani, miwani ya Ray-Ban juu ya paji la uso, ameushika mkono wa Remei. Remei yule yule ambaye Wilf amemnunulia kahawa miaka mitatu bila kuthubutu kumwambia neno la maana. Sasa anacheka mpaka machozi, na Wilf anaona kila jino.

"Wilf, hebu njoo!" Remei aliita. "Msikilize Giles anavyoutaja mji wetu. Giles, sema."

"Habea," Giles alisema, akikaza mwanzoni, J ikisikika H na v ikisikika b, ulimi laini kama wa mzaliwa.

"Umesikia? Haya, zamu yako, bwana mkubwa."

"Haviya," Wilf akasema.

Meza ikaangua kicheko.

"Jamani! Miaka mitatu, ulimi bado gogo!" Remei alisema.

"Msamehe," Giles alisema kwa upole wa kuudhi. "Sisi Waingereza ndivyo tulivyo. Mimi miaka ishirini na miwili hapa imeninyoosha."

Wilf alicheka nao, akampiga Giles kofi la kirafiki begani. Kinasa sauti kidogo kama punje ya dengu kikabaki chini ya ukosi. Lakini mkono ulitamani kushuka kiunoni, kwenye bastola yake ya Glock.

"Mkuu, ni yeye. Naapa."

"Tapscott, huo ni wivu. Ukikosea, mwenye mzigo atashtuka na yule dada amekwisha. Niletee ushahidi."

Wivu kidonda, ukishiriki utakonda. Wilf alikuwa amekonda kilo nne tangu Pasaka.

Saa sita na dakika arobaini. Giles alimbusu Remei shavuni, akatoka, akapiga simu akielekea gatini. Kinasa sauti kilimletea Wilf kila neno, kwa Kiingereza safi.

"Ndiyo, dada. Naondoka Habea saa saba. Wasalimie wote hapo Leeds."

Wilf akaganda.

Waingereza wa pale wana desturi yao. Doreen wa kaunta ameolewa na Mhispania, anaota kwa Kihispania, anagombana na wauza samaki kwa Kihispania. Lakini akizungumza na Mwingereza mwenzake, ni Haviya. Ukithubutu kulitamka sawasawa utaulizwa unajifanya nani, tena na dada yako ndiye atakayekusimanga mpaka Krismasi. Giles alifundishwa Kiingereza darasani, na mwalimu wake hakuwa na dada Leeds.

"Mkuu, ushahidi ninao. Jina la mji amelitamka sawasawa."

"Mbele ya Wahispania?"

"Kwa dada yake. Wa Leeds."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

"Mungu wangu! Mkamate."

Wilf alikimbia.

Giles alikuwa tayari anafungua kamba ya boti. Alimwona, akachomoa bastola. Alichelewa. Kiwiko cha Wilf kilimpata shingoni, bastola ikatumbukia majini, na Giles akatukana kwa lugha ambayo haikuwa Kiingereza wala Kihispania.

Polisi waliipata kadi ya kumbukumbu ndani ya chupa ya mafuta ya kujikinga na jua.

Remei alifika akihema, akaiona kadi. "Jina langu limo?"

"La kwanza."

Alimtazama Giles na pingu zake, kisha akaupangusa mkono wake kwenye sketi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Ulijuaje?"

"Alilitamka vizuri mno."

"Na angelitamka vibaya, kama wewe?"

Wilf alikivua kile kifaa cha sikioni ili mkuu asisikie.

"Ningempiga vile vile. Sababu ningeitafuta baadaye."

Akatia mikono mfukoni, akaondoka kuelekea mjini. Hakugeuka. Nyuma yake alimsikia Remei, mzaliwa wa pale, akijaribu polepole kulikosea jina la mji wake.

"Haviya," alisema. "Haviya."